Muuru Uliotaka Mtu wa Kukaa

Ninyi vijana mnaouza miche kando ya barabara pale Makutano, nimepita mara nyingi nikasimama ng'ambo kuwatazama mkipandikiza parachichi. Mikono yenu ni myepesi kuliko yangu ilivyokuwa. Mnafunga haraka, mnapanga vizuri, na mteja akiuliza swali mnajibu kabla hajalimaliza. Kosa lenu ninaloliona ni moja. Mkiulizwa mche utunzwe namna gani, mnasema, "Mwagilia maji tu." Mimi pia nilisema hivyo siku moja, kwa mtu mmoja, na sijapata kusema neno lililonigharimu zaidi. Ndiyo sababu nimeketi kuandika, ingawa kalamu sikuizoea.

Naitwa Nyaga. Nilizaliwa upande wa Runyenjes, Embu, na shule niliiacha darasa la tano. Sikuiacha kwa kukosa karo. Mfereji wa maji ulipita chini ya shule yetu, na siku moja mwalimu alituambia kwamba maji yale yanatoka mlimani. Nikamwuliza ni mahali gani hasa pa mlima. Akaniambia niketi. Kesho yake nikaufuata mfereji. Nililala kwa watu nisiowajua, nikala viazi vyao, na siku ya tatu nikafika pale mto ulipozibwa kwa mawe na magogo ili maji yageuke. Nikatazama mpaka nikaridhika, nikarudi. Mwalimu alinichapa, halafu akaniuliza nimejifunza nini huko. Nilipoanza kumweleza jinsi mawe yalivyopangwa, akanichapa tena. Nikaona shule na mimi hatuelewani.

Tangu hapo miguu yangu haikutulia. Nimechuma majani chai Chuka, nimepogoa kahawa, nimekuza miche ya makadamia, nimelinda kituo cha pampu usiku na mchana kwa miezi miwili kwa sababu tu nilitaka kujua pampu inavuta maji vipi. Nikishajua, nilikuwa naanza kuona njia inayotoka mahali pale. Lakini kazi iliyonirudisha kila mara ni kupandikiza, kuchukua kijiti cha mti mmoja na kukifunga juu ya mche mwingine mpaka viwe kitu kimoja. Wengine wetu tuliita kugrafti.

Aliyenifundisha ni Mzee Ireri, aliyekuwa na kitalu karibu na mto mjini Embu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mtu aliyepata shamba alitaka kulijaza miti kabla jirani hajamzidi. Siku zile hatukuwa na karatasi nyeusi za kuoteshea kama zenu. Tulitumia mikebe ya mafuta ya kupikia tuliyoitoboa kwa msumari, na mikebe ikiisha tulishona vikapu vidogo kwa maganda ya migomba. Kisu tulikijaribu kwa kunyoa nywele za mkono. Kisiponyoa, hakigusi mti. Ukimwona fundi ana mkono mmoja wenye nywele na mwingine laini kama wa mtoto, ujue ni wa kabila letu.

Mwezi wangu wa kwanza nilipandikiza parachichi thelathini, nikajisifu kwa kila aliyepita. Baada ya wiki tano hakuna hata moja lililochipua. Mzee Ireri alikuja, akavua kofia, akavitazama vijiti muda mrefu.

"Nyaga," akasema, "jicho la kijiti hutazama wapi?"

"Juu, mzee."

"Na haya yako?"

Nikainama nikatazama. Vijiti vyote thelathini nilikuwa nimeviweka kichwa chini.

"Basi tusivitupe," akasema. "Hii miche yako itazaa chini ya ardhi kama viazi. Tutauza kwa watu wasio na ngazi."

Kwa mwaka mzima kila mteja aliyefika alionyeshwa miparachichi ya Nyaga. Lakini sijaweka tena kijiti kichwa chini, na nyinyi msiweke. Kijiti kikikatwa kutoka mtini, kata mshazari upande wa chini na kata sawasawa upande wa juu, pale pale, kabla hujakitia mfukoni. Hapo hata gizani mkono wako utajua.

Mzee Ireri alikuwa na fundisho lingine, alilolisema huku akifunga mlango wa ghala. "Mteja mpe mche. Akili baki nayo. Ukimpa na akili, kesho hakuhitaji." Nililishika lile kama katekisimu.

Sasa niwaambie habari za muuru.

Muuru mnaujua, ule mti wa majani kama kiganja chenye vidole vitano, unaozaa matunda meusi matamu ambayo watoto hupigania na kima. Wauza mbao huuita oki ya Meru. Mtu mmoja aliyesafiri aliniambia hauna undugu wowote na mwaloni wa ng'ambo, ni mbao tu zinazofanana. Kwa ajili ya mbao hizo miuru mikubwa imeisha. Vitanda vya harusi, milango ya makanisa, makabati ya walimu wakuu, vyote vimetoka humo.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye kitalu kimoja Nkubu, nikatumwa kuokota mbegu za muuru katika shamba moja juu, karibu na msitu. Nilipofika nilikuta mti umeshaanguka. Wapasuaji wawili walikuwa wanaanza kuukata magogo kwa msumeno wa mikono miwili, na mwenye kuwaamuru alikuwa mtu mnene aitwaye Mwiti, aliyetaka mbao za nyumba yake. Pembeni, limetupwa peke yake juu ya majani ya migomba, palikuwa na tawi moja ambalo sijaona mfano wake.

Kila kidole cha jani kilikuwa kijani katikati tu, mstari mwembamba. Kando kando kilikuwa cha manjano kama mahindi ya uji. Majani machanga, yale ya ncha, yalikuwa mekundu ya waridi kama ndani ya pera. Matawi mengine yote ya mti yalikuwa ya kijani cha kawaida.

"Hilo ni la ugonjwa," Mwiti akaniambia aliponiona nimepiga magoti. "Tumelikata kwanza lisiambukize kahawa."

"Nipe mimi."

"Ulipeleke wapi? Hospitali?"

Wapasuaji wakacheka hadi wakauacha msumeno. Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa amewaletea chai akaweka birika chini. Alikuwa dada yake Mwiti, Mwalimu Karimi, aliyefundisha darasa la tatu katika shule ya pale chini.

"Mpe," akasema. "Mwiti, mbao umechukua. Shamba hili baba aliniachia mimi, na tawi nagawa mimi."

Kumbe kulikuwa na maneno kati yao kuhusu shamba lile, kwa kuwa si kawaida ya kwetu msichana kuachiwa ardhi hali ndugu wa kiume yupo. Mwiti alinitazama mimi kama ndimi niliyesema.

Nilikata vijiti ishirini na vinne. Chini ya mti ule ule palikuwa na miche ya muuru iliyojiotea kutokana na matunda yaliyoanguka, na Mwalimu akaniruhusu niitumie. Nikajenga kibanda cha majani ya migomba nyuma ya jikoni kwake, nikapandikiza. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Sikuwa na ardhi, mke wala mtoto. Miche niliyokuwa nimepandikiza maishani ilikuwa maelfu, na kila mmoja ulikuwa na jina la mtu mwingine: parachichi la fulani, kahawa ya fulani. Nilipolitazama lile jani nilijiambia, huu haupo popote duniani ila kwenye vijiti hivi. Ukiishi, umeishi kwa mkono wangu. Nikifa bila kitu, huu utabaki. Nilikuwa na tamaa hiyo moja tu, na sina haya kuisema.

Sita vilichipua. Mbuzi akala kimoja, viwili vikanyauka kwenye baridi ya mwezi wa saba, kingine kikaoza, kingine kikarudi kuwa kijani chote. Ukabaki mche mmoja. Nikauhamishia uwanjani kwa Mwalimu Karimi, kati ya jikoni na lango, mahali nilipoweza kuuona kila nikiinua kichwa.

Nilikuwa nimeacha ile kazi ya Nkubu. Mwalimu alinipa ghala lililopakana na zizi nilale humo, nami nikamtunzia kahawa, ng'ombe na ua. Jioni tulikunywa chai na nduma barazani, yeye akisahihisha madaftari, mimi nikimwuliza maswali yaliyokuwa kwenye madaftari hayo. "Nyaga," aliniambia mara moja, "ungekuwa darasani kwangu ningekuhamisha kila siku dawati." Nilikaa miaka miwili. Sikuwa nimekaa mahali miaka miwili tangu nilipomwacha Mzee Ireri.

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo kazi ilipo. Mti wa namna hii una asili mbili ndani yake, na ile ya kijani ndiyo yenye nguvu. Jani la kijani hupika chakula kingi, la manjano hupika kidogo. Kila mara mti utatoa chipukizi la kijani tupu, na chipukizi hilo litakua mara tatu ya wenzake. Ukiliacha msimu mmoja, ni tawi. Ukiliacha misimu mitatu, ndilo mti, na yale ya rangi yamekufa kivulini. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupita kila mwezi na kuondoa kijani kingali kidogo. Usikikate juu juu. Ng'oa na kijicho chake. Usiupe mbolea nyingi ya samadi, maana mbolea hulisha upande wenye nguvu.

Nanyi mnajua watu wa mlima huu tumefundishwa nini tangu utoto. Kahawa ikiwa na jani la manjano, ama ina njaa ama inaumwa: kata, weka samadi, nyunyiza dawa ya kopa. Jani la kijani ni afya. Mtu wa kwetu kukata tawi la kijani na kuacha la manjano ni kama kumwaga maziwa na kunywa maji uliyooshea kibuyu.

Mimi nililijua hilo, na sikumwambia. Nilikuwa naamka kabla Mwalimu hajatoka, nang'oa machipukizi ya kijani kwa ukucha, nayatia mfukoni, nayatupa mtoni. Siku moja aliniona nimesimama pale na umande miguuni.

"Unaomba?" akauliza.

"Natazama."

"Mti huu unatazamwa kuliko mtoto wa askofu."

Nilijiambia naficha kwa sababu ya Mzee Ireri na fundisho lake la mteja. Huo ulikuwa uongo. Mwalimu hakuwa mteja. Niliona tu kwamba maadamu ni mimi peke yangu ninayejua mti unataka nini, hakuna siku atakayoniambia niende. Sikuwa na kitu kingine cha kumfanya anihitaji, au nilidhani sina.

Maneno yalianza kanisani, yakaja mpaka kwenye kiwanda cha kahawa, tulikokuwa tukisimama kwenye foleni ya kupima. Mwiti alikuwa mbele yangu na magunia yake. Akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwenye mizani:

"Nyaga wa Embu, mahari yako italipwa lini? Maana tunaona umeshaolewa, na wazazi wako hawajaonjeshwa hata mbuzi."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mwanamume aliyehamia kwa mwanamke, kwetu, hana jina la kuitwa mbele ya watu. Nami nilicheka pia. Ndilo jambo baya zaidi nililofanya siku ile, kucheka pamoja nao, kwa kuwa Karimi alikuwa hatua kumi nyuma, na yeye hakucheka.

Jioni alinimiminia chai. "Maneno ya Mwiti yana miguu mifupi," akasema. "Hayafiki jikoni kwangu." Baadaye kidogo, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari: "Ukitaka tuongeze chumba upande ule wa mashariki, sema. Mawe yapo."

Nilisema nitafikiri. Wiki iliyofuata dereva wa lori akaniambia kwamba upande wa Kiirua kuna watu wanakuza maua ndani ya nyumba za plastiki, nyumba ndefu kama soko, na mvua haiingii. Nikasema lazima nikaone nyumba ya plastiki. Nilisema ni miezi mitatu.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa na mfuko mmoja. Karimi alisimama karibu na mti, ambao sasa ulinifika kifuani, unawaka rangi zote.

"Na huu?" akauliza.

"Mwagilia maji tu wakati wa kiangazi. Hautaki kitu kingine."

"Kitu kingine chochote?"

"Chochote."

Aliuliza mara mbili, na mara mbili nilidanganya. Nilihesabu kwamba miezi mitatu si kitu, nitarudi ning'oe vichipukizi vitatu vinne, mambo yaendelee.

Nilikaa miaka minne. Kwanza nilitaka kuelewa plastiki, halafu mabomba ya maji ya matone, halafu jinsi waridi linavyolazwa kwenye baridi lisifunguke. Kiirua kuna upepo unaoshuka mlimani mchana ukakutafuta hadi kwenye mifupa. Tulikaa wanaume wanne chumba kimoja na sikuwa na cha kuzungumza na hata mmoja wao. Niliandika barua moja. Alijibu kwa mwandiko ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima: wote wazima, ng'ombe amezaa, "na mti wako ulipata shida kidogo lakini nimeushughulikia. Njoo uone." Niliisoma mara nyingi hadi mikunjo ikachanika. Niliona lile "njoo" tu. Nilifurahi nalo, kisha nikaliogopa, na sikwenda.

Nilipokwenda, nilikwenda kwa sababu mawaridi yalikuwa yamenichosha. Nilifika saa nne asubuhi, shule zimefungwa. Kutoka barabarani niliona mti umelipita paa la jikoni. Ulikuwa mzuri, mnene, wa kijani wote tangu chini hadi kileleni.

Karimi alitoka akifuta mikono kwenye leso. Nywele za mbele zilikuwa zimeanza mvi. Hakunisalimia kwanza. Alitazama mti, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa akingoja kuonyesha kitu.

"Umeuona?" akasema. "Ulikuwa umezidiwa na ule ugonjwa wa majani, nilidhani ndio uliokuwa ukiutibu kila asubuhi. Manjano kila mahali, mpaka ncha zikawa nyekundu. Mwezi wa pili tu baada ya kwenda kwako ukaanza kutoa majani mazima, nikajua unataka kupona. Nikausaidia. Nimekata yote mabovu, kila mwaka, nikauwekea samadi ya mbuzi, nikaunyunyiza na dawa ya kahawa. Watu walisema niung'oe. Nikasema, Nyaga akija ataukuta mzima."

Ningeweza kusema asante, ninywe chai, nibaki na uchungu wangu. Nimefikiri mara nyingi kama ingekuwa afadhali. Lakini niliketi chini pale pale kwenye majani, na mdomo ukasema wenyewe:

"Umeuua."

Akaniuliza mara moja tu: "Nimeua nini?"

Nikamweleza yote, kijani na manjano, ukucha na umande, machipukizi niliyotupa mtoni. Aliendelea kusimama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili. Ungesema, Karimi, kata kijani, ningekata kijani mpaka kidole kiote sugu. Miaka minne nimekuwa nikikutunzia kitu kisichokuwepo." Akapumua. "Kwa nini hukuniambia?"

Hapo nilipaswa kumjibu. Nilisema, "Ni mambo ya kazi." Alinitazama jinsi walimu wanavyotazama mtoto anayedai mbuzi alikula daftari. Kisha akaingia ghalani akatoka na ngazi.

Tuliutafuta mti ule tawi kwa tawi, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, mpaka saa nane. Ndiye aliyeona. Chini kabisa, upande unaoelekea ukuta wa jikoni ambako panga halikupita vizuri, palikuwa na kijitawi kirefu kama kalamu, majani sita, kingo za manjano zilizofifia kwa kukosa jua. Macho yaliyofaa yalikuwa matatu tu.

Nikatoa kisu. Nikakinoa, nikanyoa mkono, halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu: nikamwekea kisu mkononi. Nikamwonyesha kupasua mche wa chini, kuchonga kijiti kama kabari, kulinganisha ganda na ganda upande mmoja angalau, kwa kuwa ni chini ya ganda ndipo miti husemezana. Nikamwonyesha kufunga kwa ukanda wa nailoni kutoka chini kwenda juu, maji yasiingie. Alifanya na mimi nikafanya. Vijiti vitatu juu ya miche mitatu iliyojiotea. Katika kubishana ni fundo la nani lililokaza zaidi, tulisahau kuweka alama nani amefunga upi.

Mmoja ulichipua. Hadi leo sijui ulikuwa wa nani.

Nilikaa msimu huo wote, nimerudi kwenye ghala langu. Kila mwisho wa mwezi tulipita pamoja, nami nikamwachia ang'oe yeye. Mwanzo alikuwa akifumba jicho moja akivuta kijani, kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Baadaye akawa mwepesi kuliko mimi. Mwiti alipita siku moja akamkuta, akasema, "Mwalimu, sasa unatupa majani mazima?" Akamjibu, "Nenda kaipogoe kahawa yako, acha kupogoa watu."

Mche ulipotimiza majani kumi na mawili, alinikuta nikifunga ua. Akasimama upande wa pili wa waya.

"Sasa najua," akasema. "Hakuna kitu unachokijua juu ya mti huu nisichokijua. Ukitaka kwenda, nenda kwa amani. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini usikae kwa sababu ya mti."

Vijana, nimepandikiza miaka arobaini. Nimepata jibu kwa kila mche uliogoma. Siku ile nilisimama na koleo mkononi nikitafuta sababu nyingine ya kukaa, na nilikuwa nayo, ilikuwa pale pale imesimama mbele yangu, na sikuweza kuitoa mdomoni. Niliona foleni ya kiwanda na watu wameshikana mabega. Nikasema nimesikia Nanyuki kuna watu wanachimba kisima kwa mashine.

"Nenda ukaione hiyo mashine," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Yaliyobaki ni mafupi. Kutoka mche ule mmoja Karimi alipandikiza mingine, na kutoka hiyo mingine. Alipostaafu ualimu akafungua kitalu chake mwenyewe. Nimeyasikia hayo kwa watu, sikuyaona. Muuru wa rangi umefika kwenye malango ya shule, kwenye viwanja vya makanisa, na nimeuona hata Chuka. Wanauita muuru wa mwalimu. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilitaka kugombana na mtu, lakini aliyelisema alikuwa kondakta, na gari lilikuwa linaondoka.

Siku hizi nimepanga chumba Nchiru, kati ya hosteli za wanafunzi. Mikono hainoi tena kisu. Asubuhi natembea, na nikiona muuru wa rangi ndani ya ua wa mtu nasimama kuutazama kama una kijani. Nilijiwekea kazi hiyo. Nilidhani watu wamenunua uzuri bila maelezo, na kwamba bila mzee mmoja wa kupita langoni kwao, mti utawarudia kuwa kijani bila wao kujua. Nilijua ninachotafuta. Nilitaka pawe na lango moja ambako nitaambiwa, kumbe, asante, ingia.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye nyumba moja mpya, ua wa waya. Mama kijana alikuwa akianika nguo, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta mtu?"

"Marahaba. Natazama mti huo wako. Una kazi yake, huo. Ukiona tawi la kijani tupu—"

"Tunang'oa," akasema. "Tarehe moja ya kila mwezi, na jicho lake. Samadi hatuweki. Mwalimu alitufundisha kabla ya kutuuzia, akanisimamisha nikamrudishia maneno yote kama mtoto wa darasa la tatu." Akacheka, akabana kibanio cha mwisho. "Tena alituambia, mtu yeyote akija kutuuzia mti huu bila kutaja habari ya kijani, tusinunue kwake. Alisema huyo hatafuti mti uishi, anatafuta kuhitajiwa."

Nilipitisha macho kwenye mti mzima, tawi kwa tawi, hadi ndani kivulini. Hapakuwa na chipukizi hata moja la kijani.

"Amesema kweli," nikamwambia, nikashika njia.